Mjomba asiyejua kusema hapana

 

Juma hili nataka tuzungumze juu ya undugu. Sina maana ya undugu wa harusini na msibani, ambao kila mmoja wetu anaufahamu. Nina maana ya ule undugu unaoingia ofisini asubuhi, ukaketi kitini bila barua ya maombi, na mwisho wa mwezi ukapanga foleni kupokea mshahara. Watu wetu, kwa uhodari wao wa kubuni maneno, waliupa jina: undugunaizesheni. Neno hilo tumelitamka kwa hasira miaka mingi, na hasira yenyewe ina sababu.

Lakini leo sitaanza na ofisi za kwetu. Nataka twende mbali kidogo, Ujerumani na Marekani, tukamtazame mtu mmoja aliyeitwa Carl Laemmle. Huyu ndiye mwanzilishi wa kampuni ya sinema ya Universal. Kama umewahi kukaa katika jumba la sinema, taa zikazimwa, na kabla ya mchezo kuanza ikatokea dunia inayozunguka polepole, basi umeiona alama ya kampuni yake. Huenda jina lake hukupata kulisikia. Ni jina la mtu ambaye undugu ulisaidia kumpokonya kampuni, na undugu huohuo ukamfanya aokoe watu zaidi ya 300. Hapo ndipo penye swali langu la leo. Je, tabia moja ya mtu yaweza kuwa kosa lake na wema wake pia?

Tuanze mwanzo. Laemmle alizaliwa tarehe 17 Januari 1867 katika mji mdogo wa Laupheim, kusini ya Ujerumani, katika uliokuwa ufalme wa Württemberg. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, nao hawakuwa matajiri. Mtoto alijifunza ukarani na kuweka hesabu za duka. Mwaka 1883 mama yake alifariki. Mapema mwaka uliofuata, akiwa na miaka 17, alipanda meli kwenda Marekani. Huko alikuwa na kaka yake aliyetangulia. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu cha kujivunia.

Hapa nakuomba ushike jambo moja, maana tutalirudia. Kijana huyu aliposhuka New York mwaka 1884, hakuna aliyemdai hati ya mtu wa kumdhamini. Kwa watu waliotoka Ulaya, mlango wa Marekani ulikuwa wazi. Aliingia, akatafuta kazi, basi.

Kwa miaka zaidi ya 20 alihangaika kama wanavyohangaika wageni wengi. Alikuwa tarishi, alikuwa karani, alishika vitabu vya hesabu mjini Chicago. Mwaka 1894 akahamia mji wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin, akaajiriwa katika duka la nguo. Alipanda cheo hadi akawa meneja, na mwaka 1898 akamwoa Recha Stern, mpwa wa mwenye duka. Unaona, ndugu msikilizaji, kwamba undugu na biashara vilikwisha kukutana mapema katika maisha yake.

Mwaka 1906 hakuelewana na mwajiri wake juu ya mshahara, akaacha kazi. Alikuwa na umri wa miaka 39. Huo si umri ambao watu wengi hupenda kuanza upya. Akaenda Chicago na akiba yake, nia yake ikiwa kufungua duka la bidhaa za bei ndogo. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia kwamba aliona foleni ya watu nje ya kijumba kimoja kilichoonyesha sinema kwa senti tano. Hakuishia kuitazama foleni. Alisimama akawahesabu watu waliokuwa wakiingia, kama karani anavyohesabu magunia, kisha akapiga hesabu ya mapato. Wazo la duka likafa siku hiyo. Tarehe 24 Februari 1906 alifungua kijumba chake cha sinema katika barabara ya Milwaukee, Chicago, akakiita White Front, maana yake uso mweupe.

Sinema wakati ule ilidharauliwa. Waungwana waliona ni pumbao la vibarua na wahamiaji. Picha zilikuwa bubu, fupi, za dakika chache tu. Lakini kwa mhamiaji asiyejua Kiingereza, picha bubu ilikuwa neema, maana haikumhitaji ajue lugha ndipo acheke. Laemmle alilielewa hilo kwa kuwa lilimhusu yeye mwenyewe.

Punde akaona kwamba filamu alizokodishiwa hazimridhishi. Akaanzisha biashara ya kukodisha filamu kwa wenye majumba wengine, na katika muda mfupi akawa miongoni mwa wakodishaji wakubwa kabisa nchini. Hapo ndipo alipokutana na wakubwa.

Mwezi Desemba 1908 makampuni makubwa ya sinema ya Marekani, yakiongozwa na kampuni ya Thomas Edison na ile ya Biograph, yaliungana. Yalikusanya hati zao zote za uvumbuzi, za kamera, za mashine ya kuonyeshea na za utepe wenyewe, yakaziweka katika kapu moja. Kisha yakatangaza masharti. Asiyekuwa mwanachama asipige picha. Mwenye jumba la sinema alipe dola mbili kila wiki kwa ruhusa ya kutumia mashine, hata kama mashine ameinunua kwa fedha zake. Na aonyeshe filamu zao tu. Kampuni ya Eastman Kodak, iliyotengeneza utepe, ikakubali kuwauzia hao peke yao. Huo ndio ukiritimba, ndugu msikilizaji. Mtu anakuuzia jembe, kisha anakuja kila Jumamosi kudai ushuru wa kulimia, na anakuchagulia mbegu.

Mwanzoni Laemmle alilipa. Mwezi Aprili 1909 akakataa. Akarudisha leseni yao na kuanza kutengeneza filamu mwenyewe, chini ya kampuni aliyoiita IMP. Wakubwa wakampeleka mahakamani. Hawakumshitaki mara moja wala mara kumi. Hesabu inayotajwa ni kesi 289 katika miaka mitatu. Mwaka 1911 aliwapeleka waigizaji wake, akiwamo binti aliyekuja kuwa maarufu sana, Mary Pickford, wakapige picha kisiwani Kuba, mbali na wapelelezi wa ule umoja. Naye akawajibu wakubwa kwa silaha ya mnyonge: kejeli. Alichapisha vibonzo katika magazeti ya biashara vikimwonyesha jenerali mnene, mpumbavu, mwenye majivuno, na kila mtu alijua jenerali ni nani.

Akashinda. Mwaka 1912 mahakama iliamua upande wake katika shauri la kamera. Mwaka 1915 mahakama ya shirikisho ikatamka kwamba umoja ule ulikuwa kinyume cha sheria. Na mwaka 1917 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikaamua, katika kesi yenye jina la Universal, kwamba mwenye hati ya uvumbuzi wa mashine hawezi kumlazimisha mnunuzi aonyeshe filamu za kampuni fulani tu. Kesi hiyo wanasheria wanaitaja hadi leo. Jembe ukishalinunua ni lako, na mbegu ni hiari yako.

Sitaki umdhanie kuwa malaika. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara wa sinema ni jamaa wa mpiga mazingaombwe. Siku zile makampuni hayakutaja majina ya waigizaji, kwa hofu kwamba wakijulikana watadai mishahara mikubwa. Mwigizaji Florence Lawrence alipendwa na maelfu ambao hawakujua anaitwa nani. Laemmle akamvuta kutoka Biograph. Mwaka 1910 ukazuka uvumi kwamba amekufa katika ajali ya tramu. Kampuni ya Laemmle ikachapisha tangazo kubwa la kukanusha, ikiwalaumu maadui kwa uongo huo, na kuwahakikishia watu kwamba mpenzi wao yu hai na sasa yuko kwao. Kisha akapelekwa mjini St. Louis watu wamwone kwa macho, nao wakafurika. Wengi wanaamini kwamba aliyeueneza uvumi na aliyeukanusha walikuwa nyumba moja. Hivyo ndivyo biashara ya nyota wa sinema ilivyoanza kushika kasi.

Mwaka 1912 Laemmle aliunganisha kampuni yake na nyingine kadhaa ndogo, wakazaa Universal. Tarehe 15 Machi 1915 akafungua, karibu na Los Angeles, mji mzima wa kutengenezea sinema, katika shamba la ekari 230 lililokuwa la kufugia kuku. Akauita Universal City. Watu wa kawaida walilipa senti 25, wakakaa kwenye majukwaa ya mbao kutazama filamu zikitengenezwa. Filamu zilikuwa bubu, kwa hiyo kelele za watazamaji hazikuharibu kitu. Katika miaka ile pia Universal ilikuwa na wanawake waongozaji wa filamu wengi kuliko kampuni nyingine yoyote. Mmoja wao, Lois Weber, alikuwa miongoni mwa waongozaji waliolipwa vizuri kabisa, mwanamume au mwanamke.

Sasa tufike kwenye undugu.

Wafanyakazi wa Universal hawakumwita bosi wao Bwana Laemmle. Walimwita Mjomba Carl. Jina hilo lilikuwa na upendo ndani yake, lakini lilikuwa na mzaha pia, kwa sababu kwa wafanyakazi wengi alikuwa mjomba kweli, au binamu, au shemeji. Barua ilitoka Ujerumani kusema kwamba kijana fulani wa ukoo amemaliza shule na hana kazi. Mjomba alijibu: na aje. Barua ya pili, na aje. Ilipofika mwaka 1936, inasemekana ndugu na jamaa waliokuwa kwenye orodha ya mishahara walikuwa wapata 70.

Mimi nilipata kufanya kazi katika shirika moja, jina nalihifadhi, ambalo mtunza ghala alikuwa mpwa wa mkubwa. Vipuri viliingia kwa mlango wa mbele na kutoka kwa mlango wa nyuma. Magari yakasimama, kisha shirika likasimama. Hakuna aliyethubutu kumuuliza kijana yule, maana kumuuliza yeye ilikuwa ni kumuuliza mjomba wake. Kwa hiyo naposikia habari za ndugu 70, mimi sicheki. Najua kinachofuata.

Lakini nchi ya undugu haina barabara iliyonyooka. Mmoja wa vijana walioletwa na Mjomba Carl, mwaka 1920, alikuwa mwana wa binamu yake, kijana mtundu wa kutoka Alsace ambaye wazazi wake hawakujua wamfanye nini. Alianza kwa kazi za utarishi. Jina lake William Wyler. Baadaye alipata tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora mara tatu, na moja ya filamu zake ni Ben-Hur ya mwaka 1959. Huyo aliingia kwa mlango wa undugu, tusifiche.

Na kuna upande wa pili. Kijana hodari kuliko wote aliyepita katika ofisi ya Laemmle hakuwa wa damu yake. Alikuwa karani wake, Irving Thalberg. Laemmle alikiona kipaji chake, akamkabidhi usimamizi wa studio akiwa na miaka ipatayo 20 tu, umri ambao hata hundi hakuruhusiwa kutia sahihi. Kijana akaweza. Lakini mwaka 1923 Mjomba akamwachia aondoke, akaenda kwa Louis B. Mayer, na kampuni ya MGM waliyoijenga pamoja ikaja kuipita Universal kwa mbali. Mwaka 1929, mwanawe wa kumzaa, Carl mdogo, alipotimiza miaka 21, baba akampa studio nzima aisimamie.

Wenye kusema wakasema. Hata hivyo kijana hakuwa mpumbavu. Mwaka 1930 alitoa filamu ya vita iliyotokana na kitabu cha Erich Maria Remarque, All Quiet on the Western Front, ambayo ilipata tuzo ya filamu bora. Mwaka 1931 akatoa Dracula na Frankenstein, na jina la Universal likawa ndilo jina la picha za kutisha. Tatizo lake lilikuwa matumizi. Dunia ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, majumba ya sinema yalikuwa matupu, naye alitumia kama mtu ambaye kesho haiji.

Ile filamu ya vita inatufikisha kwenye jambo zito zaidi. Laemmle aliipenda Ujerumani. Ni kweli kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kampuni yake ilitoa filamu kali ya kumshutumu mfalme wa Ujerumani. Lakini vita vilipokwisha, na Laupheim wakawa na njaa, alipeleka fedha na misaada mingi. Mwaka 1919 mji ukamfanya raia wake wa heshima, na baadaye ukaupa mtaa mmoja jina lake.

Mwezi Desemba 1930 filamu ile, iliyoonyesha askari vijana wa Kijerumani wakifa bure kwenye mahandaki, ilifika Berlin. Wafuasi wa Hitler wakiongozwa na Joseph Goebbels waliingia ndani ya jumba la sinema, wakatupa vyupa vya uvundo, wakafungulia panya weupe, wakapiga kelele dhidi ya Wayahudi mpaka onyesho likasimama. Hawakuwa bado na serikali mkononi. Lakini serikali iliyokuwapo iliogopa fujo, na siku chache baadaye ikaipiga marufuku filamu. Laemmle alitaka irudi, akakubali ikatwe baadhi ya sehemu, na mwaka 1931 ikarudi ikiwa imepunguzwa makali. Nadhani alikosea. Mtu aliyesimama imara mbele ya kesi 289 hakupaswa kuinama mbele ya panya weupe. Pengine alidhani ni wazimu wa muda mfupi wa nchi aliyoipenda.

Kama alidhani hivyo, hakudhani kwa muda mrefu. Mapema mwaka 1932, mwaka mzima kabla Hitler hajashika madaraka, alimwandikia William Randolph Hearst, mwenye magazeti mengi ya Marekani, akimsihi aonye juu ya hatari ya Hitler kwa Wayahudi wa Ujerumani. Hitler alipoingia madarakani mwaka 1933, jina la Laemmle likaondolewa kwenye ule mtaa wa Laupheim.

Mwaka 1936 studio ilikuwa ikitengeneza filamu kubwa ya nyimbo, Show Boat, ambayo ndani yake aliimba Paul Robeson, yule mwimbaji na mpigania haki wa Wamarekani weusi. Gharama zilizidi. Mjomba Carl akakopa kwa watu wa mitaji, akaweka kampuni yake rehani. Mwezi Machi wenye fedha wakaitumia haki yao wakaichukua. Ndugu na jamaa wakaanza kuondolewa. Show Boat ilipotoka ilipendwa sana, lakini kampuni ilikuwa imekwisha kubadili mikono. Mzee alikuwa na miaka 69. Alipata mamilioni ya dola kwa kuuza, lakini kazi aliyoijenga kwa miaka 30 ilimponyoka.

Kama hadithi ingeishia hapo, ningekuambia: tazama, undugunaizesheni umeua kampuni nyingine, kwaheri. Ila haikuishia hapo.

Kumbuka lile jambo nililokuomba ushike. Mwaka 1884 mlango ulikuwa wazi. Katika miaka ya 1930 ulikuwa umefungwa. Sheria ya Marekani iliweka idadi ya wahamiaji kwa kila nchi. Kwa Ujerumani ilikuwa watu 25,957 kwa mwaka, na kwa miaka mingi ya utawala wa Hitler hata idadi hiyo haikujazwa, maana maofisa walitakiwa kumkataa yeyote anayeweza kuwa mzigo kwa umma. Myahudi aliyetaka kuondoka alinyang'anywa mali yake kwao, kisha akifika kwa balozi mdogo wa Marekani akaambiwa: thibitisha kwamba hutakuwa maskini. Dawa ilikuwa moja tu. Apatikane mtu aliyeko Marekani, mwenye mali, atoe hati ya kiapo kwamba atamtunza mgeni huyo. Hati ile maana yake ni hii: mtu huyu akikosa chakula, chakula chake ni juu yangu.

Barua zikaanza kumfikia Mjomba Carl tena, kutoka kulekule zilikotoka zamani. Safari hii hazikuomba kazi. Na mzee akafanya lilelile alilozoea kufanya. Alijibu: na aje. Akatia sahihi. Kwanza kwa ndugu. Kisha kwa ndugu wa ndugu. Kisha kwa watu wa Laupheim ambao labda babu zao walifahamiana na baba yake. Kisha kwa watu wa miji ya jirani ambao hakupata kuwaona hata siku moja. Hesabu yao ilipita 300. Akawasihi na matajiri wenzake watie sahihi.

Maofisa wakaanza kumshuku. Ubalozi mdogo wa Stuttgart ulihoji: mzee wa miaka zaidi ya 70, amewadhamini mamia, akifa kesho nani atawalisha? Swali hilo, kwa karani, lilikuwa na mantiki. Mwaka 1938 Laemmle alimwandikia waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Cordell Hull, kumlalamikia na kumwomba hati zake zisikataliwe. Hebu mfikirie mtu huyu. Ana fedha, ana nyumba kubwa, angeweza kukaa kivulini ahesabu jua likizama. Badala yake anahesabu tena vichwa vya watu, kama alivyofanya nje ya kile kijumba cha Chicago, ila sasa anahesabu wangapi wamevuka.

Vita vilianza tarehe 1 Septemba 1939. Carl Laemmle alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 24 ya mwezi huohuo, akiwa na miaka 72. Mwaka 1942 Wayahudi wa mwisho waliobaki Laupheim walikusanywa na kupelekwa kambini. Jamii iliyokaa katika mji ule kwa zaidi ya miaka 200 ikawa imefutika. Waliosalia duniani ni wale waliokuwa wameondoka, na wengi kati yao waliondoka kwa sahihi ya Mjomba.

Sasa tujibu swali letu. Je, tabia iliyoiua kampuni na tabia iliyookoa watu zilikuwa mbili? Mimi nasema ilikuwa moja. Mtu huyu hakujua kumwambia hapana ndugu aliyebisha hodi. Mwenye biashara angesema huo ni udhaifu, na mwaka 1936 angekuwa na haki. Lakini waliposimama watu mlangoni wakikimbia kifo, wenye nguvu ya kusema hapana walikuwa wengi. Serikali zilisema hapana. Maofisa walisema hapana kwa lugha nzuri ya kanuni. Aliyeokoa watu ni yule dhaifu, asiyejua kukataa.

Je, basi tuusamehe undugunaizesheni? Hapana, ndugu msikilizaji. Tena hapana kubwa. Tazama tofauti mbili.

Ya kwanza: Laemmle alitumia mali yake. Kampuni ilikuwa na jina lake kwenye hasara kama kwenye faida, na ilipoanguka ilimwangukia yeye. Mkubwa wa shirika la umma anayemwajiri mpwa wake anakuwa mkarimu kwa mfuko wa jirani. Anagawa wali wa harusi isiyo yake. Mwenye moyo wa ndugu na afungue pochi yake, aweke sahihi yake, na siku ya kulipa awepo.

Ya pili ni kubwa zaidi. Undugu wa mzee yule haukubaki mdogo. Ulianza na watoto wa binamu, ukaishia kwa watu asiowajua sura. Ulipanuka. Wa kwetu, mara nyingi, hupungua: tunaanza na taifa, tunashuka kwenye mkoa, kabila, ukoo, hadi tunabaki na mpwa mmoja ghalani. Undugu unaopanuka huwa ubinadamu. Unaopungua huwa wizi.

Nasi tunaishi katika sehemu ya dunia ambako watu wamevuka mipaka mara nyingi wakikimbia. Kigoma wanajua, Ngara wanajua, Dadaab wanajua. Kila aliyevuka alikuta mtu upande wa pili ambaye alisema ama ndiyo ama hapana. Wengi wetu hatuna mamilioni ya kuweka dhamana, lakini sahihi tunayo. Tunaitia kwenye fomu ya mwanafunzi, kwenye mkopo wa jirani, kwenye barua ya serikali ya mtaa ya kumtambulisha mgeni.

Leo ile dunia inayozunguka ingali inaonyeshwa kabla ya filamu za Universal. Laupheim nako wamelirudisha jina la Laemmle. Ipo shule ya sekondari yenye jina lake, lipo jumba la makumbusho linalosimulia habari zake, na tangu mwaka 2017 hutolewa huko tuzo ya watayarishaji wa filamu inayoitwa kwa jina lake. Tuzo hiyo ni ya kumkumbuka kwa filamu, na ni haki yake.

Lakini mimi nikiulizwa kazi gani ya mtayarishaji huyu ni bora kuliko zote, nitapita filamu zake zote, bubu na zenye sauti. Nitachagua zile karatasi alizotia sahihi uzeeni, ambazo hazikuonyeshwa katika jumba lolote, wala hakuna aliyelipa senti tano kuzitazama.

Nakutakia juma jema, ndugu msikilizaji. Na mtu akikubishia hodi, kabla ya kusema hapana, mtazame kwanza usoni.

Kwaheri.